Bi Nanikasema na Daraja la Pili

Miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita. Huo ndio muda ambao dada yetu, mratibu wa safari za viongozi katika Idara ya Itifaki, atakuwa ameitumikia wizara hii atakapostaafu tarehe 30 Juni. Hesabu hiyo ameikagua mwenyewe. Barua ya kustaafu ilipomfikia aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza nyuma, akapanda nayo hadi utumishi ghorofa ya tatu kuuliza nani kasema amefika sitini. Wakamtolea faili lake. Akalisoma lote, halafu akataka kujua faili lilitunzwa na nani.

Kwa hiyo mnajua jina la Bi Nanikasema lilitoka wapi.

Mimi ninayeandika ni dereva wa msafara. Shule niliishia darasa la saba, tena hilo la saba nililisoma mara mbili kwa kulipenda. Mhariri wa jarida letu kanichagua mimi kwa kuwa nimemwendesha dada huyu miaka kumi na tisa, na pia, nahisi, kwa kuwa wenye digrii waliogopa asije akawasahihisha.

Alianza kama mpiga chapa. Mwaka wake wa kwanza alikamata ratiba iliyompeleka balozi mmoja katika miji miwili saa ileile, na wakubwa watano walikuwa wameshaisaini. Wakamhamishia Itifaki. Tangu hapo hakuna zulia jekundu lililokanyagwa kabla hajalipima kwa hatua zake, wala chupa ya maji iliyoingia gari la Waziri bila kupinduliwa chini juu. Aliwahi kumsimamisha mlangoni jenerali wa nchi nyingine kwa sababu picha ya kitambulisho ilikuwa na masharubu na jenerali hakuwa nayo. Alisubirishwa mpaka, nawaapia, masharubu yakaanza kuota. Nilikuwepo.

Hata mimi hakuniamini. Nilimweleza nilivyopita katikati ya ng'ombe mia nne bila kugusa mkia hata mmoja. Akaniuliza hao ng'ombe nani aliwahesabu.

Lakini kazi iliyotufanya wengine tuwe hai mpaka leo ni ile ya ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje katika eneo la mapigano. Pande mbili zilikuwa zimekubali kunyamazisha bunduki kwa siku moja tu, Waziri aende akazikutanishe. Tulipanga wiki sita. Tulifungua ofisi ya muda katika nyumba ya wageni ya mpakani, ramani imefunika meza nzima ya chakula, kila pembe imekandamizwa kikombe. Msafara ulikuwa magari manne na watu tisa: Waziri, msaidizi wake, daktari, walinzi wawili na madereva wanne. Gari la mbele lilikuwa langu. Kila gari lilihitaji karatasi ya njia yenye muhuri wa Bi Nanikasema. Bila muhuri, geti halifunguki.

Siku mbili kabla ya safari, wenyeji wetu walituma ujumbe: "Mheshimiwa na wenzake watapokelewa daraja la pili, saa nne asubuhi."

Sasa, watu wa Itifaki wakisikia neno daraja hawasikii kingine. Kwao mapokezi ya daraja la kwanza ni gwaride, bendi na zulia. La pili ni zulia peke yake. Msaidizi wa Waziri akavimba.

"Waziri mzima daraja la pili? Kwani sisi ni mizigo?"

Mkuu wa Itifaki akajibu kwa maandishi kwamba tunasisitiza daraja la kwanza. Kesho yake likaja jibu: "Daraja la kwanza halipendekezwi kwa sasa. Lakini mkisisitiza, tutawasubiri huko." Watu wakapongezana. Mkuu akasisitiza tena, akapeana mikono na kila aliyekuwepo, hata mimi.

Bi Nanikasema hakumpa mtu mkono. Machale yalikuwa yamemcheza. Ujumbe ule aliuinamia mezani siku nzima, na asubuhi ya safari, magari yanaunguruma, Waziri keshafunga mkanda, tukamkuta amezungushia neno moja kalamu nyekundu: huko.

"Dada, gonga muhuri msafara uondoke," Mkuu akasema.

"Huko ni wapi?"

"Huko ni kwenye heshima yake!"

"Heshima haina huko, bosi. Huko ni mahali. Mtu anayetuongezea bendi angesema tutafanya hivyo. Huyu anatusubiri mahali ambapo yeye mwenyewe hapapendi."

"Unamchelewesha Waziri kwa neno moja? Nitakupeleka masjala ukapange mafaili mpaka ustaafu."

"Nipeleke. Ila kwanza nijue huko ni wapi."

Akaingiza muhuri kwenye mkoba, akaufunga zipu, akaukalia. Wapo waliosema ni mtata, ana gubu, anatafuta sifa. Baadhi yao watakuwa kwenye viti vya mbele siku ya kumuaga, wakipiga makofi kuliko wote. Nawaangalia tu.

Akampigia mratibu wa wenyeji. Simu ikakatika mara tatu. Ya nne ikashika, akaiweka kwenye spika ili kila mtu asikie kwa masikio yake.

"Kwani hamjui, mama?" yule bwana akashangaa. "Mto una madaraja mawili. La kwanza limetegwa mabomu tangu wiki iliyopita. Tukawaambia mje la pili, nyinyi mkang'ang'ania la kwanza! Tukasema labda hawa wana wateguaji wao wa kuyatoa."

Mkuu wa Itifaki alikaa juu ya ramani, vikombe vikaanguka. Mimi niliyewahi kufukuzana na kifaru nikiwa kwenye pikipiki mbovu, nilishika ukuta. Kioo cha mbele kilikuwa changu. Dada yetu akaandika njia mpya kwa mkono wake, akamsomea yule bwana neno kwa neno, akamsomea tena, ndipo akafungua mkoba. Muhuri uligonga mara nne.

Tulivuka daraja la pili saa nne na robo. La kwanza tuliliona kwa mbali: zuri, limenyooka, rangi mpya, ningelipita huku napiga mluzi. Askari mwenyeji akatuonyesha kwa kidevu, "Lile pale, ukilikanyaga unaanza kwenda juu." Waziri aliomba tusimame, akashuka akalitazama, akapanda tena. Mazungumzo yakafanyika, na ile siku moja ya bunduki kunyamaza ikazaa kumi na mbili.

Tuliporudi, Mkuu wa Itifaki alimletea dada kiti kwa mikono yake miwili. Ndiko kuomba radhi kwenyewe. Dada akakitikisa kwanza, halafu akakaa.

Ripoti ya ziara ipo masjala. Inasema: "Msafara ulivuka mto kama ilivyopangwa." Hakuna jina lake. Nimeomba nafasi hii niliandike hapa, mahali ambapo halifutiki: aliyepanga ni Bi Nanikasema.

Dada yetu, pokea shukrani za wizara nzima. Upate afya, ulale usingizi mzito, na mlango wako ukigongwa awe ni mjukuu tu. Sisi wa msafara ule tutakuja kukuaga pamoja. Ukitaka kuhakiki, tuhesabu mlangoni: tulikuwa tisa, na wote tisa tupo.