Maman Pulchérie na Nyota Elfu Nne Zilizosomwa Mara Mbili

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Maman Pulchérie Asende, msomaji wa vioo katika maabara yetu ya Baraka, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa kwenye kiti kimoja. Kiti chenyewe kilishastaafu mara mbili.

Wageni msioijua kazi hii, sikilizeni. Vioo vinatoka Ulaya, vimepakwa dawa kama ya picha, vimepigwa kwa viini vya kaboni kwenye mashine kubwa. Kiini kikivunjika, vipande vyake vinaacha mistari myeusi inayotoka mahali pamoja, tunaiita nyota, tunaisoma kwa mikroskopi. Kaboni mara nyingi inatoa vipande vitatu vinavyofanana, kila kimoja kiini cha heli. Wataalamu wanauliza: je, vilikuwa vikundi vitatu tangu ndani ya kaboni, kama parseli moja, yaani kiwanja kimoja, ya Baraka yenye familia tatu, kila moja na jiko lake? Mi nilielewa siku ya kwanza. Maprofesa bado wanafikiri.

Maman alitoka kwenye ushonaji. Shule hakumaliza, kama mimi, lakini mstari tuliodhani ni uchafu yeye aliuona. Bamama wa soko walimwita docteur, wakamletea watoto wenye homa. Aliwapeleka hospitali mwenyewe, kisha akarudi kuhesabu.

Alitaka kitu kimoja tu: hesabu yake isimame. Kwa desturi yetu kila kioo kinasomwa na watu wawili, bila kuonyeshana daftari. Lakini msomaji wa pili alikimbilia machimbo ya dhahabu ya Misisi, Maman akabaki peke yake. Mwaka 2019, nyota elfu nne zimekwisha na ripoti inangoja saini, alirudia kioo kimoja akaona mstari mnene ukigawanyika mwishoni. Vilikuwa vipande viwili vilivyotembea bega kwa bega, naye kwa miezi saba alikuwa akivihesabu kimoja.

Akaingia kwa chef wetu, mkuu wa maabara, Papa Alphonse, akamwomba asitume ripoti.

«Maman, Ulaya banangojea.»

«Bangojee. Mikroskopi yabo tuliingojea miaka mbili.»

Alisoma zote upya, miezi kumi na nne, grupu ya umeme, jenereta yetu, ikikohoa nje. (Grupu ni kazi yangu. Kikohozi ni cha mafuta.) Karibu nusu ya nyota zilikuwa na jozi ile: kaboni ilitoa kipande kimoja kwanza, viwili vikaendelea pamoja kabla ya kuachana. Ripoti ikatoka, jina lake la tano kwenye orodha ya waandishi. Jicho lake la kushoto halikupona uchovu ule.

Wiki iliyopita Clarisse, anayerithi kiti, alisoma kioo cha mwisho cha Maman akakuta nyota tatu zilizompita. Aliona aibu kusema. Maman alipomwona anazunguka meza, akamwambia, «Andika, mwanangu. Kwa kalamu ya bic nyekundu, wazione.» Akaweka saini chini ya zile tatu, akavua miwani, akatoa funguo za maabara mfukoni, akampa Clarisse. Zilibaki siku nane za kazi. Hakuna aliyemzuia, hata mimi ninayejua kubembeleza kwa lugha tano.

Maman Pulchérie, umechoka, na uchovu wako tumeushuhudia. Asante kwa kila mstari. Mungu akupe siku ndefu na macho ya kuwatambua wajukuu wakiwa mbali. Nenda ukapumzike, Clarisse anaona.

Bienfait, dereva na fundi wa grupu