Mashahidi Wasiopangwa

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa mzee kumlalamikia binti yake kuhusu chumvi.

"Nesi mzima," alisema, akilisukuma bakuli la supu, "halafu unataka kuniua kwa kijiko!"

Binti alicheka. Kaka yake, mchungaji, hakucheka. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika karatasi yenye maneno aliyoyaandaa kwa ibada ya kesho yake, ya kumkumbuka mama yao, naye alitaka baba ayasikie kwanza. Akayasoma. Alipofika mahali mama alipokata roho akiimba, binti alikatiza.

"Hakuimba, kaka. Nilimshika mkono. Alisema anaogopa."

"Tulishakubaliana. Mama mdogo naye atasema alikuwa anaimba."

"Kwa sababu umempanga."

"Waumini wakisikia mama wa mchungaji alikufa kwa hofu, watashika nini? Kama huwezi kusema hivyo, kesho usije."

Mzee alikuwa hakimu kabla ya kustaafu, na hata sasa akiinua kiganja watu walinyamaza. Akakiinua.

"Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia. Kaeni, mmoja huku na mwingine huku, nizione nyuso zote mbili. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na atakayemwambia mwenzake usije, iwe kanisani au mlangoni hapa, ajue amenifukuza mimi. Vitabu vyangu vya sheria vipelekeni chuoni. Baba yenu mdogo, ambaye hatujasemezana tangu tugombanie mpaka wa kiwanja, mpeni kiwanja chote. Nimechoka kuishinda kesi ile.

"Hayo ni mepesi. Sasa wewe, Mchungaji. Nimesikiliza mashahidi mpaka nikawa nawajua kwa kikohozi. Nilikuwa nawatenganisha, mmoja ndani, wengine nje, na wakiingia watatu wakaniambia maneno yaleyale, wakivuta pumzi palepale, nilijua kuna mtu aliyewaketisha pamoja. Mashahidi wa kweli hupishana: huyu aliona mtu mmoja, yule aliona wawili, lakini ukiuliza nani alipigwa na wapi, wanakutana. Ndivyo nilivyoisoma Biblia nilipotoka chuo kikuu, nikiwa nimejiandaa kuikamata kwa uongo. Wale wanne walioandika habari za Bwana wanapishana juu ya akina nani walikwenda kaburini na malaika wangapi walionekana, na hakuna aliyewanyoosha. Kwamba kaburi lilikuwa tupu, hapo hawapishani. Tena wanasema waliotangulia kuliona ni wanawake, zama ambazo neno la mwanamke mbele ya wazee wa baraza halikuwa na uzito. Mwongo angejitafutia mashahidi wa maana zaidi. Petro alikuwa mkubwa wao, na wakaandika wazi kwamba alimkana bwana wake mbele ya kijakazi. Nani hutunga hadithi ya kumpamba kiongozi wake kwa namna hiyo? Walichapwa, wengine wakauawa, na maneno yao hawakuyageuza. Nakala nazo zilisambaa mji kwa mji kabla hajatokea mtu mwenye nguvu ya kuzikusanya zote na kuzirekebisha, hata aliyekosea kunakili huku akaumbuliwa na nakala ya kule."

Alikohoa kwa muda mrefu. Binti aliinuka, mzee akamkalisha kwa macho.

"Ushahidi unanifikisha mlangoni tu. Kwamba anayesema mle ndani ni Mungu, hilo sikulipata kwa kuhoji mashahidi. Nililipata pembeni mwa kitanda cha mama yenu. Aliposema anaogopa na Mungu amenyamaza, elimu yangu yote haikuwa na neno la kumpa. Dada yako akamsomea Zaburi ile ya mtu anayelia mchana kutwa bila kujibiwa, na mama yenu akasema, 'Kumbe anajua.' Akaomba arudiwe. Binadamu anayejitungia Mungu hamwandikii malalamiko kisha akayaita matakatifu. Hata Mwana mwenyewe pale msalabani analia kwamba ameachwa, na walioandika hawakukifuta kilio chake. Wewe ungekifuta, mwanangu. Ungeweka wimbo. Unakitetea kitabu kwa kufanya kile ambacho chenyewe kilikataa kukifanya."

Mchungaji aliikunja karatasi yake.

"Kesho... kila mtu aseme alichokiona. Mama mdogo mwache aseme lake, hata akichanganya mambo. Msimnyooshe. Na mimi nikiondoka, msiseme nilikuwa jasiri... semeni nililalamikia chumvi." Alijaribu kucheka, pumzi ikakataa. "Sogeeni. Mungu aliyemsikia mama yenu akiogopa awasikie na ninyi. Awape... awape kusema kweli bila kuumizana. Mkae... Mkae pamoja. Basi. Nilazeni."

Walimlaza, kaka akishika mabega, dada miguu.

Asubuhi jirani alibaki na mgonjwa. Ilipofika zamu yake mbele ya waumini, mchungaji alipanda mimbarini bila karatasi yake.

"Mama yangu alipokufa, mimi sikuwepo," alisema. "Aliyekuwepo ni dada yangu."

Akashuka mimbarini, akampisha, akaenda kukaa katikati ya watu ili asikilize.