Maisha ya Mzee Mitaani, Mhariri wa Kamusi

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani, na wote mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya mpendwa wetu, na inaomba radhi mapema, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akisahihisha historia za namna hii hapa mtaani, na hii ya leo ni ya kwanza kusomwa bila yeye kuipitia.

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Mitaani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama aliyeuza mkaa dirishani, na mama huyo alikuwa akisema kwamba huyu alianza kumsahihisha kabla hajaota meno yote. Aliingia shule ya msingi Januari 1957, akamaliza sekondari Novemba 1968, akasomea ualimu, akafundisha lugha kwa miaka michache, na wanafunzi wake walimwogopa kuliko mwalimu wa hesabu.

Tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa na shirika la uchapishaji, idara ya kamusi, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha linalotazama gereji, na kazi yake ilikuwa kuwekea kila neno alama, ili msomaji ajue ni la hotubani au la kijiweni. Yapo aliyoyaandikia kuwa ni ya mazungumzo, yapo ya utani, yapo ya dharau, na yale aliyoyadaka kwa mafundi wa gereji, akiwa amesimama nyuma ya pazia na kalamu mkononi, aliyaandikia kuwa ni ya mitaani, na wenzake wakamvisha jina hilo kwa kumchokoza, maana yeye mwenyewe hata moja halikuwahi kumtoka kinywani. Aliwaambia vijana wa ofisi kwamba "la mitaani" si tusi, ni anwani tu, inaonyesha neno linaishi wapi. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu alilolijua ofisini hakulibeba mpaka nyumbani.

Tarehe 18 Desemba 1978 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo, mjane wetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni fundi umeme, na wa kike ambaye ni mtangazaji wa redio, anayewaamsha watu kila asubuhi kwa lugha ileile ya gereji, na watu wanampendea hilo. Nyumbani kwa marehemu mtoto alitoa shikamoo akiwa amesimama wima, na anayeingia sebuleni na "upo?" alimharibia mzee chakula.

Tarehe 14 Agosti 2010, siku ya harusi ya mtoto wa kiume, binti alipewa nafasi ya kumpongeza kaka yake, akamwambia kwamba sasa amenasa, atulie, asituzingue, ukumbi ukacheka, wakwe wakapiga meza, na ndipo marehemu aliposimama na kumwambia mbele ya wote, "Lugha hiyo ina mahali pake, na mahali pake si nyumbani kwangu." Binti alichukua mkoba wake akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa baba yake, ingawa baba aliweka redio ndogo kwenye droo ya ofisini na kumsikiliza kila asubuhi, akidai ni kazi, hadi alipostaafu.

Tarehe 3 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa, na daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi huchukua maneno ambayo mtu huyatunga, na kumwachia yale yanayojitokea yenyewe. Binti alikuja akitaka sentensi moja tu kutoka kwa baba, ya kuifuta ile ya harusini, akasimama wima mlangoni mwa wodi akatoa shikamoo, na baba akafungua kinywa, lakini hata marahaba iligoma, akabaki analia. Binti alichanganyikiwa, akasahau adabu zote, akamuuliza, "Baba, upo lakini?" Na mzee akajibu, bila kukwama, "Nipo nipo tu."

Kuanzia hapo binti alifika kila siku baada ya kipindi chake, kwanza wodini, kisha, baba aliporuhusiwa, katika nyumba ile aliyokuwa ameisusa, akauliza vilevile, akajibiwa vilevile, lakini ile sentensi aliyoingoja haikuja, na hatutawadanganya kwamba ilikuja. Tarehe 27 Mei 2023, asubuhi, baba akiwa katika kitanda cha nyumbani kwake, binti aliuliza mara ya kwanza, akauliza tena, na hakujibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu aliyemfundisha kutamka upya, majirani mliotubeba, wafanyakazi wenzake wa kamusi, na mafundi wa gereji ambao leo wamefunga kazi waje kuzika, bila kujua ni maneno yao mangapi yamo katika kitabu kile. Na kwa kuwa wengi mlioketi hapa mlikuwepo ukumbini siku ile, mkayasikia yale maneno, familia inaomba myasikie na haya, kwamba marehemu alijibu kwa lugha ya binti yake, nyumbani kwake, kila siku, mpaka sauti ilipoisha.

Kaka, umepumzika, amani iwe nawe huko. Sisi tupo tupo tu.