Aliyeitika Jina la Mtoto

Mheshimiwa Mzee wa Ukoo, Ndugu Katibu wa Kijiji, wakwe zetu wapendwa, mama yangu mzazi pale meza ya mbele, ndugu wageni waalikwa: mayai mekundu mmeyaona, kuku wa tangawizi mmemla, na sasa mnataka jina la mjukuu wangu huyu aliyetimiza mwezi leo.

Nawaambieni ukweli, kichwa kimeniuma mwezi mzima. Mkwe wangu, bibi mzaa mama, alitaka Yu, kito cha kijani, ili mtoto awe imara. Mwanangu alitaka Xiao, alfajiri. Mpiga ramli naye akasema nyota ya mtoto imepungukiwa na miti, apewe jina lenye majani. Nimfuate nani? Mwishowe nikachagua okidi ya bondeni, ua linalonukia hata pasipo na mtu wa kulinusa. Basi, kwa heshima ya wote mliopo, mtoto ataitwa Qiu Youlan: Qiu la ukoo wetu, Youlan ndiyo okidi hiyo.

Samahani. Nani huyo kaitika "Abee"?

Mama? Nani amekuita, mama?

Wageni, nivumilieni, nimechanganyikiwa. Mama anasema Youlan ni yeye. Mimi namwita Mama tangu nizaliwe, majirani wanamwita Mama Demao kwa jina langu mimi, wajukuu wanamwita Bibi, na kitambulisho chake kimeandikwa "Lin, mke wa Qiu", yaani ukoo wa kwao na ukoo wetu, basi. Marehemu baba alikuwa akisema "We!" tu, na mama anageuka. Hivi kweli hakuna aliyewahi kumuuliza?

Sasa nifanyeje? Mzee wa Ukoo, nakuona unatikisa kichwa. Mtoto hapewi jina la mkubwa wake aliye hai. Nikisema, "Youlan, acha kelele," nitakuwa nimemkaripia nani? Nilifute? Nirudi kwenye kito? Mkwe wangu, usianze kuchekelea, bado sijasema hivyo.

Ngojeni, mama ana neno. Msogezeeni kipaza sauti.

"Mpe mtoto. Nilikuja nalo hapa siku ya harusi, hakuna aliyeliuliza. Sijalitumia, bado jipya."

Ndugu wageni, nilikuwa na maneno mazuri ya kumalizia, yamenitoka yote. Nina aibu, nina furaha, sijui kipi kimetangulia. Nawashukuruni kwa kuja na kwa masikio yenu. Ila kabla sijaketi, tuliite wote kwa pamoja: Youlan.

Mtoto hajajua kuitika. Mama, itika wewe.