Robo ya Mzunguko Iliyompungukia Vilja

Hebu piga picha hii. Ni Jumamosi ya mwezi wa tatu katika mji mdogo wa Kivijoki, kaskazini mwa Finland. Nje ya ukumbi wa barafu, upande unaopigwa na jua, kuna benchi la mbao, na mbele ya benchi kuna lundo la theluji chafu ambayo mashine ya kusawazisha barafu huikwangua ndani na kuja kuitapika hapo mara sita kwa siku. Benchi lina wenyewe. Yupo Urpo, mkaguzi wa tiketi mstaafu, anayeitwa Hakimu kwa sababu hajawahi kukosa hukumu. Yupo Sirkka, anayeitwa Redio, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Yupo Kauko Nusu-Kikombe, ambaye husema "nitilie nusu tu" si chini ya mara tano kila asubuhi. Na pembeni, karibu na mlango, yupo Tauno, dereva wa mashine, ambaye wenzake humwita Jokofu. Kahawa iko kwenye themosi, mikate ya iliki iko kwenye mfuko wa karatasi, na gazeti liko mikononi mwa Hakimu.

Hakimu: Sikilizeni mambo haya. "Vilja Rautakoski amejiondoa katika mashindano ya leo Tampere kwa sababu ya maumivu ya mguu." Maumivu ya mguu! Nimekagua tiketi miaka thelathini mimi. Kila asiyekuwa na tiketi alikuwa na maumivu ya mguu.

Benchi zima lilicheka, isipokuwa Tauno. Kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu Alhamisi. Wachezaji wa hoki hupenda barafu ngumu, wapate kwenda mbio. Warukaji, yaani wale wanaoteleza kwa kuruka na kuzunguka hewani kama Vilja, hupenda barafu laini kidogo, ili ncha ya kiatu ipate kuuma wakati wa kuruka, na mguu upokelewe vizuri wakati wa kutua. Kila jioni Tauno huipunguzia barafu ubaridi kwa ajili ya mazoezi ya wasichana ya asubuhi. Wiki hii hakuipunguzia. Jumapili watu hawa hawa watatu walimzunguka hapa hapa: timu yetu ina mechi kubwa Alhamisi, iache barafu iwe ngumu, Jokofu, ni siku nne tu, wasichana watavumilia. Akaiacha. Digrii saba chini ya sifuri, asubuhi nne mfululizo. Ya nne akamwona Vilja akitoka uwanjani kwa mguu mmoja.

Redio: Mguu ni kisingizio. Kocha wake alimwambia dada yangu dukani, ule mruko wake wa mizunguko mitatu umemtoka. Wiki nzima unapungua robo.

Nusu-Kikombe: Robo ya nini?

Redio: Ya mzunguko. Anatua kabla hajamaliza kugeuka.

Nusu-Kikombe: Robo tu? Mimi nikigeuka kitandani naishia nusu, na mke wangu hajawahi kunikata alama.

Hakimu: Tatizo lako hujui mambo. Ule mruko ukitimia una alama karibu sita, kabla hujapendeza wala hujachukiza. Halafu waamuzi wanaongeza au wanapunguza, hadi ngazi tano juu au tano chini, kadiri ulivyowaridhisha. Sasa robo ikipungua, kuna wengine wamekaa na picha ya video. Wanairudisha polepole, wanakodoa macho, wanakukata. Ukiona tabu, ukazunguka miwili badala ya mitatu, unaambulia mbili na ushee.

Nusu-Kikombe: Na ukianguka?

Hakimu: Unapata vilevile.

Nusu-Kikombe: Unaanguka, unapewa alama?

Hakimu: Kama ulizunguka yote mitatu kabla ya kuanguka, unapewa. Pungufu, lakini unapewa.

Nusu-Kikombe: Huo si mchezo, huo ni ustawi wa jamii! Kwenye hoki ukianguka unakanyagwa.

Redio: Na usipokwenda kabisa?

Hakimu: Sifuri. Ndiyo maana nasema ni woga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tauno: Mkuu gani, aliyemwambia nini?

Hakimu: Mkuu yeyote. Methali haina anwani, Jokofu.

Redio alisogea mbele, ishara kwamba matangazo yanaanza.

Redio: Mimi nawaambia ni mapenzi. Ameonekana kituo cha basi na golikipa wetu. Msichana akipenda, uzito wote unahamia moyoni, na mwenye moyo mzito hazunguki. Angalieni hata pia wanayochezea watoto: ikilemea upande mmoja, haizunguki.

Nusu-Kikombe: Mapenzi wapi! Ni Waswidi. Wanamtaka abadili bendera. Anapunguza robo makusudi ili Wafini wamwachie bila ugomvi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitilie nusu tu.

Hakimu: Mnabahatisha ninyi. Hii ni sayansi. Dunia inazunguka, ndiyo siyo? Kule katikati inakimbia, huku juu karibu na ncha inajikokota. Mrukaji wa Kivijoki hasaidiwi na dunia kama mrukaji wa kusini. Robo yake imebaki kwenye ramani.

Redio: Basi angekwenda Tampere angefikisha.

Hakimu: Angepitiliza! Ndiyo maana kakaa nyumbani.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye lundo na kulitia madoa. Tauno aliweka kikombe chake chini.

Tauno: Labda barafu ilikuwa ngumu mno.

Hakimu aliinua gazeti mbele ya uso.

Hakimu: Barafu ni barafu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tauno: Tuliiacha digrii saba, Urpo. Asubuhi nne.

Redio: Tuliiacha? Sisi? Mashine anaendesha nani, Jokofu? Mimi sina hata leseni ya baiskeli.

Nusu-Kikombe: Na maji yakimwagika hayazoleki.

Tauno: Mimi nayamwaga na kuyazoa mara sita kwa siku, Kauko. Usinifundishe maji.

Hapo mlango ukafunguka, akatoka Vilja mwenyewe kwa magongo mawili, mguu wa kulia umefungwa hadi gotini. Ana miaka kumi na saba. Wote wanne wanamfahamu tangu alipokuwa akiteleza huku ameshikilia kiti.

Redio: Mwanangu! Pole sana, mama. Sasa hivi tu tulikuwa tunakuonea huruma. Chukua mkate.

Hakimu alilikunja gazeti mara mbili, kisha akalikalia.

Vilja: Asanteni. Mjomba Tauno, nina swali dogo. Daktari amesema mguu utapona baada ya wiki tatu, hilo halinisumbui. Lakini kocha anapanga mchezo wangu wa msimu ujao leo hii, yuko ndani. Anataka kuutoa mruko wangu wa mitatu, aniwekee wa miwili. Anasema nimesahau kuruka. Nimetazama picha zangu mara nyingi sana, mjomba. Naruka kama siku zote, ila ncha ya kiatu inagonga na kurudi, kana kwamba nachoma jiwe. Barafu ilikuwa digrii ngapi wiki hii?

Tauno aliwatazama wenzake. Nusu-Kikombe alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Redio alimkonyeza: sema ya kawaida. Lingekuwa neno moja tu, na lingepita. Meneja wa ukumbi asingejua, benchi lingeendelea kuwa benchi, na msichana huyu angeingia ndani akiamini kwamba mwili wake umemsaliti.

Tauno: Saba.

Vilja: Siku gani?

Tauno: Zote nne. Sikusahau. Niliiacha makusudi kwa ajili ya mechi. Kosa si la mguu wako, wala si la mruko wako. Ni langu, na nisamehe, mwanangu. Twende ndani nikamwambie kocha mwenyewe. Joto la kila siku limeandikwa, hatakuwa na la kubisha.

Hakimu: Taratibu, Jokofu. Ukisema hivyo meneja atakufuta kazi.

Tauno: Labda. Wewe ulisema ni woga, Urpo. Mimi nimekuwa mwoga tangu Alhamisi, yatosha.

Vilja hakulia wala hakukasirika, au kama alikasirika, hasira aliiweka kwanza pembeni. Alifumba macho kidogo, na mabega yake yakageuka taratibu kushoto, kama ya mtu anayeruka kichwani mwake. Safari hii alifikisha mizunguko yote mitatu. Alipofumbua macho aliwageukia wale watatu.

Vilja: Kwa hiyo barafu ilikuwa ya mechi. Na tulishinda?

Hakimu alichunguza kamba za viatu vyake. Redio, kwa mara ya kwanza mwaka huo, hakuwa na habari. Timu ilikuwa imefungwa nane kwa moja, nyumbani, juu ya barafu ngumu kama walivyoiomba.

Tauno alimshikia Vilja mlango, wakaingia polepole, yeye akipunguza hatua zake ili magongo yamfikie.

Nawe msikilizaji wangu, katika yote haya nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukisikia mtu ameshindwa, kabla hujamtungia sababu, jiulize taratibu kama wewe hukuigusa barafu yake.