Mtoto Asiyelia

Basi letu la kutoka Mkuyuni lilikwama kwenye foleni ya kizuizi, mgambo wakisaka sukari ya magendo. Mzee mwenye kaunda suti alimgeukia mama aliyebeba mtoto mgongoni. "Huyo mtoto hajalia tangu tupande."

"Shikamoo," alijibu mama. Marahaba haikuja.

"Wenzako ndivyo wanavyobeba sukari, mgongoni hivyo hivyo. Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Nitasema."

Abiria wengine tulitazama ziwa kando ya barabara, kana kwamba ndilo tulilolilipia nauli.

Mama alifungua khanga, akamweka mtoto mapajani mwa mzee. Mtoto alikuwa anawaka homa, macho nusu wazi. "Tunakwenda hospitali. Sasa sema, watupishe."

Mgambo mmoja akapanda, akauliza nani ana la kusema. Mzee alikuwa bado amempakata mtoto.