Pampu ya Bonde, Pampu ya Mjini

Kijiwe cha Maneno, muuza kahawa wa Kibiti, kilikuwa mabenchi mawili ya boriti za mikoko mbele ya ghala la ushirika, ambalo kufuli lake lilianza kuota kutu tangu chama kilipokufa na biashara kuachiwa huria. Baada ya alasiri watu walifika hapo kuiweka dunia sawa. Siku hiyo dunia ilikuwa imeegeshwa mbele yao: lori kuukuu la Saadi, na kwenye kioo chake karatasi mpya kabisa ya ukaguzi wa moshi. Limepita. Mgeni angempa Saadi mkono wa hongera. Lakini Saadi alikuwa ameshika kikombe tangu kahawa ikiunguza vidole mpaka ikapoa, hajaonja.

— Kunywa bwana, msiba wa nani? aliuliza Maneno.

— Wangu, alisema Saadi.

— Mwenye msiba ni mimi, aliruka Mudathiri, fundi magari, ambaye kijiwe kizima kilimwita Nozeli. Miaka kumi naifungua pampu ile na kuifunga, sasa mtu wa Dar ananitilia lakiri!

Pampu hiyo, inayopeleka dizeli kwenye injini, ilikuwa na alama mbili zilizokwaruzwa kwa tupa. Msimu wa mavuno Nozeli aliisogeza kwenye alama ya bonde: dizeli inaingia nyingi, lori linapata nguvu, linatoka kwenye tope la bonde la Mtunda na magunia sitini ya mpunga, likitapika moshi kama tanuri la chokaa. Wakati wa safari ya Dar es Salaam aliirudisha kwenye alama ya mjini: moshi unapungua, na nguvu pia. Hakuna mwenye lori Kibiti asiyefanya hivyo.

— Sasa ilikuwaje? aliuliza Kheri Redio, aliyekuwa na redio kwapani hata betri zikiwa zimekufa.

— Mkaguzi alitega leso nyeupe kwenye ekzosi, alisema Saadi. Akaniambia nikanyage mafuta mara tatu. Leso ikatoka safi kiasi. Akaridhika.

— Basi ungeondoka! alisema Nozeli.

— Akafungua boneti, akaniuliza alama mbili hizi za nini.

— Ukamwambia?

— Nikamwambia.

Nozeli akajipiga paja.

— Ya Rabi! Mtu mzima na ndevu zake!

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyeuliza kama anayetaka kujua. Saadi alidhani akielezwa habari za tope ataelewa. Na kweli alielewa. Alimshukuru, akafunga pampu kwenye alama ya mjini kwa waya na kipande cha risasi chenye namba. Lakiri hiyo ikikatika, lori linapigwa marufuku barabarani; na tangu siku ile kila lori la Kibiti lililofika kwake lilitoka nayo.

— Hiyo mipango ya Wazungu, alisema Redio. Wanataka tununue malori yao mapya.

— Kwa hiyo leso nayo ya Wazungu? aliuliza Maneno.

— Leso, risasi, vyote! Nimesikia moshi wetu unatoboa mbingu. Wao wana viwanda miaka mia mbili, tundu likaonekana juu ya Kibiti!

— Tuzibe ekzosi kwa makumbi ya nazi, alisema Nozeli. Makumbi mabichi yananyonya masizi, dizeli inabaki na nguvu zake.

— Halafu lipasuke, tukuzike na makumbi yako.

— We Maneno nyamaza, hilo jiko lako lenyewe lina moshi kuliko lori. Nani kakukagua?

Walicheka. Saadi hakucheka. Alikuwa akiwafikiria abiria wa juu ya magunia, jinsi walivyoshuka Kibiti wakipenga makamasi meusi, na mkewe Sihaba anavyofua kanzu yake mara tatu. Hakuweza kusema mkaguzi kakosea. Lakini juzi alijaribu kutoa mpunga ukingoni mwa bonde, pampu ikiwa hivyo hivyo. Magunia ishirini tu, lori likazama, likatolewa kwa kushusha mzigo wote topeni.

Hapo akafika Mwantumu, mkulima wa Mtunda, akisukuma baiskeli yenye matope mpaka kwenye usukani. Aliwaamkia wote, kisha akamgeukia Saadi.

— Kaka Saadi, tumekusubiri siku ya nne. Mpunga umeshapurwa, uko kwenye majamvi. Na mto unapanda, jana umefika kwenye dungu la binti yangu, lile la kulindia ndege.

Saadi akamweleza: lakiri, alama, magunia ishirini. Hakuficha kitu. Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho, akaliangalia lori, akaliangalia na ghala lenye kufuli, la ushirika ambao zamani malori yake yalifika bondeni bila kuitwa.

— Nimeelewa, alisema. Lako haliji. Sasa linakuja la nani?

Redio aligeukia redio yake iliyokufa, akazungusha kitufe. Nozeli alishika koleo la kukatia waya mfukoni, akamtazama Saadi. Saadi akatikisa kichwa, na koleo likabaki mfukoni. Maneno alimimina kikombe cha kumkaribisha mgeni. Yakatoka machicha matupu.

Mwantumu alingoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akaigeuza baiskeli.